Graceland ya Paul Simon: Je, Inastahili Sifa Zake?

Tarehe 25 Agosti 1986 kampuni ya Warner Bros. ya Marekani ilitoa albamu ya Paul Simon yenye nyimbo 11, iitwayo Graceland. Albamu nyingi za pop huzeeka pamoja na watu walionunua santuri zake siku za kwanza. Hii haikuzeeka. Mwaka 1987 ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, na mwaka 1988 wimbo wenye jina hilohilo ukapata tuzo ya rekodi bora. Jarida la Rolling Stone liliiweka nafasi ya 81 katika orodha yake ya albamu 500 bora za nyakati zote mwaka 2003, nafasi ya 71 mwaka 2012, na nafasi ya 46 mwaka 2020. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiingiza katika hazina ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Yaani kadiri miaka inavyopita, ndivyo cheo chake kinavyopanda.

Tulipoijadili darasani hapa Bujumbura tuligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilisema Simon ni mwizi: Mzungu tajiri aliyekwenda Johannesburg wakati wa utawala wa Makaburu, akachota muziki wa watu waliokandamizwa, akarudi nao New York na kupewa tuzo. Kundi la pili lilisema siasa ni siasa na masikio ni masikio. Wimbo mzuri ni mzuri, basi. Mimi siku hiyo sikusema kitu. Albamu hii niliifahamu kupitia kaseti ya baba mdogo, aliyoinunua Buyenzi, ambayo jalada lake lilikuwa limepotea zamani. Kwa kuwa jalada halikuwepo, nilikua nikiamini kwamba ile ni bendi ya Afrika Kusini iliyomwajiri mwimbaji mmoja Mzungu. Nilipojua ukweli niliona haya. Lakini baada ya kuisoma historia yake kwa ajili ya insha hii, naona kosa la yule mtoto ni dogo kuliko kosa la majarida.

Hoja yangu ni kwamba Graceland inastahili sifa zake karibu zote, isipokuwa sifa hizo zimeandikwa katika daftari la mtu mmoja wakati deni ni la wengi. Ili kulionyesha hilo sina budi kuanza na namna ilivyotengenezwa.

Mwaka 1983 Simon alikuwa ametoa albamu iitwayo Hearts and Bones, ambayo haikuuzwa kama alivyotarajia. Ndoa yake na mwigizaji Carrie Fisher ikavunjika. Alikuwa amevuka miaka 40, na katika biashara ya pop huo ni umri ambao kampuni huanza kukutazama kwa jicho la pembeni. Mwaka uliofuata alipewa kaseti ya muziki wa vitongoji vya Johannesburg uliopigwa kwa akodiani, kile kinanda cha kuvuta na kubana. Wimbo uliomnasa ulikuwa wa kundi la Boyoyo Boys na uliitwa Gumboots, yaani gambuti, zile buti za mpira ambazo wachimba migodi wa kule walizifanya kuwa ngoma kwa kuzipiga kwa viganja. Simon alisikiliza kaseti hiyo ndani ya gari kwa miezi kadhaa kabla ya kuuliza hawa ni akina nani. Kampuni yake ikamuunganisha na Hilton Rosenthal, prodyuza wa Afrika Kusini, na Februari 1985 Simon na fundi wake wa sauti, Roy Halee, wakapanda ndege kwenda Johannesburg.

Walikaa huko kama wiki mbili. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kwa kawaida mtunzi wa pop huja studio na wimbo uliokwisha kutungwa, na wapigaji humfuata. Simon hakwenda na wimbo. Aliwaomba wanamuziki wapige wanachojua, mitambo ikarekodi kwa saa nyingi, halafu akaichukua mikanda nyumbani, akakata huku na kuunga kule, ndipo akatafuta sauti na maneno ya kuweka juu yake. Ni kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa kilichokwisha kufumwa na kutiwa nakshi. Ushonaji ni kazi, tena ni kazi ngumu, wala siudharau. Lakini ukiisifia nguo, huwezi kumsahau mfumaji.

Wafumaji wenyewe wanajulikana. Kundi la Tau Ea Matsekha lilikuja na mpiga akodiani Forere Motloheloa wa Lesotho, ambaye anafungua wimbo wa kwanza wa albamu. General M.D. Shirinda alikuja na waimbaji wake, Gaza Sisters, na muziki wa Watsonga. Boyoyo Boys walikuwepo. Kisha likajengeka kundi dogo lililobeba sehemu kubwa ya kazi: Ray Phiri kwenye gitaa, Bakithi Kumalo kwenye besi, Isaac Mtshali kwenye dramu. Phiri na Mtshali walitoka katika bendi ya Stimela, iliyokuwa na jina kubwa nchini kwao kabla Simon hajafika. Simon aliwalipa mara tatu ya kiwango cha chama cha wanamuziki wa New York, katika mji ambao mpigaji wa studio alizoea kupewa fedha kidogo sana kwa siku nzima. Wenzangu wa kundi la kwanza darasani hawakulitaja hili. Mwizi halipi mara tatu.

Hata hivyo ujira ni kitu kimoja na utunzi ni kitu kingine. Chukua wimbo wa Graceland wenyewe, ambao mtunzi wake aliyeandikwa ni Simon peke yake. Simon mwenyewe amesimulia kwamba katika kurekodi, Phiri aliingiza kodi ya huzuni ambayo si kawaida katika muziki wa dansi wa Afrika Kusini, na alipoulizwa kwa nini, akajibu kwamba aliiga nyimbo za Simon za zamani. Tazama jambo hilo: Mmarekani amekwenda Johannesburg kutafuta mlio wa Kiafrika, na Mwafrika, kwa ukarimu wa kisanii, anamrudishia mlio wake mwenyewe ukiwa umepitia mikononi mwake. Kodi ile ndiyo inayoupa wimbo ule mwendo wa safari ya mtu mwenye moyo mzito. Bila Phiri wimbo ungekuwa na mguu mmoja. Au chukua You Can Call Me Al, wimbo uliouza kuliko yote ndani ya albamu. Kinachokumbukwa na kila mtu ni ule mporomoko wa besi wa Bakithi Kumalo karibu na mwisho. Kumalo alipiga nusu ya kwanza, na nusu ya pili ni mkanda uleule uliogeuzwa kurudi nyuma, kazi ya Halee. Hapo kuna ubunifu wa watu wawili, na Simon si mmoja wao.

Sasa niingie katika lile suala lililotugawa darasani, yaani vikwazo. Desemba 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzitaka nchi zote kuzuia mawasiliano ya utamaduni, elimu na michezo na Afrika Kusini, na kuwataka waandishi, wanamuziki na wasanii wengine kuisusia nchi hiyo. Sababu yake ilikuwa wazi. Serikali ya Makaburu ilitumia wasanii wa nje kujisafisha uso, hasa katika hoteli ya kamari ya Sun City, iliyojengwa ndani ya Bophuthatswana, mojawapo ya zile nchi bandia za watu weusi. Mwaka 1985 Steven Van Zandt aliwakusanya wasanii wengi wakarekodi wimbo wa kuapa kwamba hawatapiga huko. Simon alikuwa amekataa mara mbili kwenda Sun City, lakini alipotakiwa kuingia katika wimbo huo hakukubali. Kabla ya safari yake alizungumza na Harry Belafonte, ambaye alimshauri apate kwanza ridhaa ya chama cha ANC. Simon hakusubiri ridhaa hiyo.

Utetezi wake ulikuwa kwamba hakwenda kupiga mbele ya watu waliotenganishwa kwa rangi, hakuilipa serikali, na kwamba wanamuziki weusi wenyewe walimkaribisha. Wapinzani wake, miongoni mwao Jerry Dammers aliyetunga wimbo wa kudai Mandela aachiwe huru, walijibu kwamba kususia hakuna maana kama kila mtu ataamua mwenyewe ni wakati gani kunamhusu. Aprili 1987 Simon alipofanya maonyesho katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, waandamanaji walikuwa nje. Januari mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington walikuwa wamemhoji kwa ukali, na nadhani wenzangu wengi wa darasa letu wangekaa upande wao.

Ndani ya jukwaa lakini kulikuwa na watu ambao hakuna aliyeweza kuwafundisha maana ya ubaguzi. Miriam Makeba alinyang'anywa pasi yake mwaka 1960 na hakuweza kurudi kumzika mama yake. Mwaka 1963 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuishtaki serikali ya nchi yake. Hugh Masekela aliondoka nyumbani mwaka huohuo wa 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville. Hawa wawili walikubali kuzunguka dunia na Simon mwaka 1987, na Februari mwaka huo walipiga Harare, katika uwanja wa Rufaro, uwanja uleule ambamo Bob Marley alitumbuiza Zimbabwe ilipopata uhuru. Watu wa Afrika Kusini, weusi kwa weupe, walivuka mpaka kwenda kuwasikiliza. Mei 1987 Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, alitamka hadharani mjini London kwamba vikwazo visiwafungie njia wasanii wa Afrika Kusini wanaopinga ubaguzi. Maana yake ANC wenyewe waliona kamba waliyoifunga ilikuwa inawanyonga pia watu wao.

Je, hilo linamtakasa Simon? Kwangu halimtakasi. Chama kilichokuwa kinapigana, chenye wafungwa Robben Island, kilikuwa na haki ya kuulizwa kabla, na kumuuliza kulikuwa ni simu moja tu. Simon aliona sanaa haiombi ruhusa kwa chama chochote. Hilo linasemeka vizuri New York. Kwa Ray Phiri, ambaye alihitaji kibali cha kutembea usiku katika mji wa nchi yake mwenyewe, ruhusa ilikuwa jambo la kila siku. Lakini naona pia kwamba swali la vikwazo ni swali juu ya mwenendo wa Simon, na majibu yake hayatuambii kama albamu ni nzuri au mbaya. Makundi yote mawili ya darasani yalichanganya mambo haya, moja kwa kulipuuza na jingine kwa kulifanya ndilo pekee.

Kuhusu maneno ya nyimbo sitakaa sana. Mengi yanamhusu mwanamume wa New York aliyeachika, anayeogopa kunenepa na kuzeeka. Watu wamelalamika kwamba mtu anawezaje kuweka matatizo ya namna hiyo juu ya mdundo wa Soweto, mwaka ambao serikali ilitangaza hali ya hatari nchi nzima. Mimi huona hapo Simon alikuwa mkweli kuliko angejifanya msemaji wa Soweto. Mwenye njaa hasemewi na aliyeshiba. Wimbo mmoja tu unaogusa jeraha lenyewe, nao ni Homeless, uliorekodiwa London katika studio ya Abbey Road na kwaya ya Ladysmith Black Mambazo. Unahusu watu wasio na makao, na sehemu kubwa yake imo katika Kizulu. Kati ya mwaka 1960 na 1983 serikali ya Makaburu ilikadiriwa kuwahamisha kwa nguvu watu milioni 3.5. Joseph Shabalala, kiongozi wa kwaya hiyo, hakuhitaji kuisema siasa kwa jina lake. Naomba msomaji ausikilize wimbo huo usiku taa zikiwa zimezimwa. Hauna ala hata moja, ni sauti za wanaume tu, na kwa maoni yangu ndio kilele cha albamu yote. Nyimbo mbili za mwisho, zilizorekodiwa na bendi za Marekani, zinasikika kama wageni waliochelewa harusini, na Crazy Love, Vol. II ningeweza kuishi bila ya kuisikia tena.

Liko dai jingine linalorudiwa katika kila makala kuhusu Graceland, kwamba ilifungua mlango wa muziki wa Afrika duniani. Dai hili si kweli kwa namna linavyosemwa. Pata Pata ya Makeba ilitamba Marekani mwaka 1967. Masekela alifika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1968 na Grazing in the Grass. Ladysmith Black Mambazo walikuwa na albamu iliyofikia kiwango cha dhahabu nchini kwao tangu mwaka 1973. Na mwaka mmoja kabla ya Graceland, Waingereza walikuwa wamekwisha kupata mkusanyo uitwao The Indestructible Beat of Soweto, ambao ndani yake hakuna Simon wala Mmarekani yeyote. Mlango ulikuwa wazi siku nyingi. Alichofanya Simon ni kupita nao akiwa na mkoba wa Warner Bros., na waliokuwa nyuma yake wakapita kwa urahisi zaidi. Hilo la kupita lilikuwa na faida ya kweli: albamu ya Shaka Zulu ya Ladysmith Black Mambazo, ambayo Simon aliisimamia, ilipata Grammy mwaka 1988, na kwaya hiyo ikaendelea kuzunguka dunia bila yeye.

Nafika sasa kwenye jalada, lile ambalo kaseti ya baba mdogo haikuwa nalo. Katika nyimbo 11, tano zina majina ya watunzi wengine pamoja na Simon: Motloheloa katika The Boy in the Bubble, Shirinda katika I Know What I Know, Lulu Masilela na Jonhjon Mkhalali katika Gumboots, na Shabalala katika Homeless na katika mwanzo wa Diamonds on the Soles of Her Shoes. Nyimbo sita ni za Simon peke yake, nne kati ya hizo zikiwa zimejengwa juu ya upigaji wa Phiri na wenzake. Mambo hayakuishia kwa Waafrika. Los Lobos, bendi ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko iliyopiga wimbo wa mwisho, wamelalamika miaka mingi kwamba wimbo ule ulikuwa wao na hawakuandikwa. Simon amekanusha. Kwa hiyo anayesema Simon aliwanyima haki watu kwa sababu ni weusi amekosea shabaha. Sheria za hakimiliki alizozitumia humtambua anayeleta maneno na sauti ya kuimba. Anayeleta mdundo huhesabiwa kuwa kibarua. Kwa muziki wa Ulaya pengine sheria hizo zinafaa. Kwa muziki ambao mdundo ndio wimbo wenyewe, sheria hizo ni mizani iliyopinda, hata aliyeishika awe mwaminifu kiasi gani.

Simon aliijua mizani hiyo kwa uzoefu. Mwaka 1970, akiwa na Art Garfunkel, alirekodi El Cóndor Pasa akidhani ni wimbo wa jadi wa Peru. Kumbe ulikuwa umetungwa na Daniel Alomía Robles mwaka 1913, na mtoto wa mtunzi akafungua madai. Nadhani majina yale matano ya Graceland ni matunda ya somo hilo.

Ili tuone uzito wa majina matano, lazima tuyapime na desturi ya biashara hiyo, si na ndoto zetu. Mwaka 1939 Solomon Linda na kundi lake waliurekodi wimbo wa Mbube mjini Johannesburg. Mtindo ambao Ladysmith Black Mambazo wanauimba una mizizi humo. Linda aliuza haki zake, kwa shilingi 10 kama inavyosimuliwa, akafa maskini mwaka 1962. Wakati huo wimbo wake, ukiwa umepewa maneno ya Kiingereza juu ya simba anayelala, ulikuwa unazunguka dunia kwa majina ya watu wengine. Familia yake ilipata suluhu ya malipo mwaka 2006 tu.

Mfano wa pili unatuhusu sisi Warundi, nami nashangaa kwamba katika mabishano yetu yote darasani hakuna aliyeutaja. Mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya ufalme wetu kufutwa, watafiti wawili Wafaransa, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walirekodi wapiga ngoma wa Burundi, na rekodi hiyo ikatolewa Paris. Katika Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma na pia ufalme, kwa hiyo waliokuwa wakipiga siku ile walikuwa wakipiga kitu ambacho kisheria hakikuwepo tena. Mwaka 1971 prodyuza mmoja Mfaransa alichukua rekodi ile, akaongeza gitaa na vinanda juu yake, na kuiuza kwa jina la Burundi Black. Ikaingia katika chati za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell alizitumia ngoma hizohizo katika wimbo wa The Jungle Line. Ilipofika mwaka 1980 mdundo wa Burundi ulikuwa umekuwa mtindo London. Adam and the Ants waliupigisha kwa wapiga dramu wawili na wakapata utajiri. Aliyemwonyesha Adam Ant mdundo ule ni Malcolm McLaren.

McLaren huyo hakuishia kwetu. Alikwenda Johannesburg kabla ya Simon, akatoa albamu ya Duck Rock mwaka 1983, na ndani yake mna wimbo wa Double Dutch uliotokana na Puleng, wimbo wa Boyoyo Boys. Ndiyo, Boyoyo Boys walewale wa kaseti ya Simon. Kesi ilifunguliwa Uingereza, ikamalizwa nje ya mahakama kwa malipo, lakini majina ya McLaren na mwenzake Trevor Horn yakabaki kama watunzi. Kwa hiyo kundi moja lilitembelewa na wageni wawili ndani ya miaka mitatu. Wa kwanza ilibidi ashtakiwe ndipo alipe. Wa pili alilipa kabla, akaandika majina ya wanamuziki kwenye karatasi ya albamu akiwa hai na wao wakiwa hai, ingawa hakuyaandika yote yaliyostahili.

Ndiyo maana siwezi kukaa na kundi la kwanza. Wala siwezi kukaa na la pili, kwa sababu hao wanaosema muziki ni muziki tu ndio huandika kwamba Simon ni fundi wa pekee aliyegeuza malighafi kuwa sanaa. Chord ya Phiri si malighafi. Akodiani ya Motloheloa si malighafi. Graceland ni albamu kubwa, na inastahili kukaa pale ilipo au hata juu zaidi, kwa sababu ina mojawapo ya bendi bora zilizowahi kurekodiwa pamoja na mhariri mwenye sikio kali aliyejua wakati wa kuziacha sauti zao zitangulie. Ukimwita Simon mhariri wa albamu hii humshushi. Ila jina lililochapwa kwa herufi kubwa mbele ya jalada, na jina la albamu lenyewe, lililochukuliwa kutoka nyumba ya Elvis Presley kule Memphis, havikufundishi lolote kati ya hayo. Lazima ugeuze upande wa nyuma na usome maandishi madogo.

Upande wa nyuma una kitu cha kusoma angalau. Katika kikundi cha ngoma zetu, yule anayepiga inkiranya, ngoma ya katikati, ndiye anayeongoza. Wote humtazama yeye na kugeuza mdundo anapougeuza yeye. Kwa kipimo chochote cha haki ndiye mtunzi wa kile kinachosikika katika Burundi Black. Kwenye santuri ya mwaka 1971 mahali pa jina la msanii pameandikwa Burundi Steiphenson Black. Hilo ni jina la kubuni, la yule prodyuza aliyeongeza gitaa na vinanda. Aliyepiga inkiranya hayumo.